Hiace ya Mwalimu na karatasi ya mwaka wa ishirini

Gari lenyewe halikuwa bovu. Nalisema hili mapema kwa sababu visa vya magari vinaposimuliwa vijiweni huwa na tapeli ndani yake: dalali mwongo, mita iliyorudishwa nyuma, injini iliyooshwa ikang'aa siku ya mauzo. Katika kisa hiki tapeli hayumo. Aliyeuza aliuza kwa moyo safi, fundi aliyekagua alikagua kwa nia njema, na mnunuzi, mwalimu mstaafu wa Iringa aliyefundisha hesabu maisha yake yote ya kazi, aliuliza kila swali ambalo mtu mwangalifu angeuliza. Na bado injini ilikufa, tena mahali pabaya, watu wakiwa ndani.

Ilikuwa Hiace ya dizeli yenye injini ya 5L, iliyotengenezwa Japani mwaka 2000 na kuingia nchini mwaka 2012. Familia moja ya Mafinga iliitumia kwa misiba, harusi za ukoo na safari za shambani. Siku nyingine zote ililala bandani. Mwalimu alipoiona, Aprili 2022, mita ilisoma kilometa 171,000. Kwa Hiace ya umri ule huo ni mwendo mdogo sana. Zilizofanya kazi ya daladala huwa zimeshavuka hapo zamani. Mwalimu alikuwa na kiinua mgongo chake na mpango ulionyooka: asubuhi na jioni kubeba wanafunzi, mwisho wa wiki kukodisha. Mpwa wake, kijana mtulivu mwenye leseni ya kubeba abiria, angeendesha.

Swali la mkanda wa taimingi alilileta Mwalimu mwenyewe, kabla hata ya bei. Muuzaji akanyanyua siti ya mbele, kwa maana injini ya Hiace ile imelala chini ya siti, akamwonyesha karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye kifuniko cha mkanda. Maandishi yalikuwa ya Kijapani, lakini namba hazina lugha: kilometa 98,450, na mbele yake 20, kisha 6. Mwalimu akatoa kalamu. Mita ya leo 171,000, toa 98,450, mkanda umetembea 72,550. Ukiwa unabadilishwa kila kilometa 100,000, bado ulikuwa na zaidi ya 27,000 mbele yake. Na tarehe? Mwaka wa 20, mwezi wa 6: Juni 2020. Haujafikisha hata miaka miwili.

Shahidi wa pili alikuwa taa. Kwenye dashibodi ya magari mengi ya dizeli ya Toyota ya kizazi kile kuna taa iliyoandikwa T-BELT. Ukifungua swichi inawaka pamoja na nyingine, injini ikiwaka inazimika. Hapa iliwaka, ikazimika. Maana yake balbu ni nzima na hakuna aliyeichomoa kuficha jambo.

Shahidi wa tatu ni fundi. Mwalimu hakutaka kununua kwa maneno, akamleta kijana anayemtengenezea majirani magari. Kijana akafungua kifuniko, akamulika kwa tochi ya simu, akaubinya mkanda kwa kidole, akazungusha injini taratibu ili auone wote unavyopita.

"Mwalimu, huu bado mpya kabisa. Hauna ufa hata mmoja."

Kisha akaongeza neno ambalo alilisema kumtuliza mteja: "Na hata ukikatika, usiogope. Tunafunga mwingine, nusu siku unaondoka."

Karatasi, taa na macho ya fundi vikakubaliana. Mwalimu akalipa.

Ili kuona alipokosea inabidi kuelewa mkanda huo unafanya nini. Ndani ya injini kuna kazi mbili zisizoruhusiwa kupishana. Chini, krankshafti inapandisha na kushusha pistoni. Juu, kamshafti inafungua valvu na kuziacha zifunge. Krankshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti izunguke mara moja, isizidi wala isipungue. Kinachozifunga pamoja ni mkanda wenye meno, na kwenye 5L mkanda huo huo unaizungusha pampu ya dizeli. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 25 katika sekunde moja. Fikiria gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa na injini kwenye mizunguko 2500: kila kilometa inakula mizunguko 1875. Zidisha mara 100,000. Kabla ya kubadilishwa, mkanda umeburuza kazi ya mizunguko karibu milioni 190, na huko ni kwenye barabara nzuri, gia ya juu.

Injini ya dizeli ya aina hii haina cheche. Inawasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa, na 5L huibana hewa takriban mara 22, wakati injini za petroli za kawaida huibana mara 10 hivi. Kwa hiyo pistoni ikifika juu, nafasi iliyobaki kati yake na silinda hedi ni nyembamba mno. Valvu iliyobaki wazi wakati pistoni inapanda haina pa kwenda. Inagongwa. Mkanda ukikatika au ukiruka meno, kamshafti inasimama na valvu kadhaa zikiwa wazi, huku krankshafti ikiendelea kuzunguka kwa nguvu iliyobaki au kwa kusukumwa na magurudumu. Yanayofuata humalizika kabla dereva hajageuza shingo.

Sasa lirudie lile neno la kijana, kwamba ukikatika tunafunga mwingine. Hakulitoa hewani. Alijifunza kazi kwenye Corolla na RAV4 za zamani, na injini za petroli kama 4A-FE na 3S-FE zimeundwa hivi kwamba hata valvu ikibaki wazi kabisa, pistoni haiifikii. Kwenye hizo, mkanda ukikatika gari linazima, linavutwa, linafungwa mkanda mwingine, safari inaendelea. Kizazi kizima cha mafundi wetu kilikua kikiona hivyo, na walichokiona kwenye Corolla wakakihamishia kwenye kila boneti. Ujuzi wa kweli, ukipelekwa kwenye injini nyingine, ukawa ushauri wa hatari. Naamini kosa hili limeua injini nyingi kuliko spea feki, kwa sababu linamfanya mwenye gari aone kuchelewa kuwa ni kubahatisha tu, kwamba akishindwa atapoteza nusu siku.

Wala usitegemee jina la injini likuambie moja kwa moja. 1G-FE ya zamani, iliyokuwa kwenye Mark II nyingi, ilikuwa ya zile zisizogongana. Ilipobadilishwa na kuwekewa VVT-i ikawa ya kugongana. Jina moja, hasara mbili tofauti.

Macho ya fundi nayo yalikuwa na kasoro yake. Mikanda ya mwanzo, tangu kiwanda cha Glas cha Ujerumani kilipoanza kuuza gari lake la 1004 lenye mkanda wa mpira mwaka 1962 mahali pa mnyororo, ilikuwa ya mpira ambao ukizeeka hupasuka juu juu. Ungeukunja kidogo ukaona nyufa. Mafundi wazee waliufundisha ukaguzi huo kwa vijana, na kwa wakati wake ulikuwa ukaguzi mzuri. Baadaye viwanda vikahamia kwenye mpira mwingine, unaostahimili joto na oili kwa muda mrefu zaidi, na huo hauna desturi ya kuonyesha nyufa. Ndani yake kuna nyuzi za kioo zinazobeba uzito wote wa kuvuta, na meno yamevikwa kitambaa. Uzee unaanzia kwenye nyuzi na kwenye mizizi ya meno, mahali ambapo tochi haifiki. Mgongo unabaki mweusi na laini. Kwa hiyo ukaguzi wa macho una faida upande mmoja tu: ukiona ufa, oili, dizeli, kingo zilizochanika au jino lililolegea, badilisha leo. Usipoona kitu, hujathibitisha kitu.

Na taa? Watu wengi huamini T-BELT inaupima mkanda. Haiupimi. Hakuna waya wowote unaotoka kwenye mkanda kwenda kwenye taa ile. Inahesabu kilometa tu: kwenye Hiace kama hii inawaka zikitimia 100,000, kwenye baadhi ya injini za baadaye 150,000. Fundi anapofunga mkanda mpya anairudisha kwenye sifuri, kwa kitufe kilicho kwenye mita au kwa kuhamisha skrubu nyuma yake, kutegemea toleo. Ndiyo maana inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa, na ndiyo maana inaweza kukaa kimya mwaka baada ya mwaka huku mpira unazeeka, maana kalenda haiijui. Kwenye gari la Mwalimu taa haikusema uongo. Ilihesabu kilometa 72,550 kwa uaminifu na ikaona bado.

Kuna jambo lingine ambalo hata mita haiandiki, nalo linahusu magari ya shule kuliko mengine. Gari likisimama getini injini ikiunguruma, mkanda unafanya kazi na mita imesimama. Mpwa wa Mwalimu alikuwa akifika nyumba hadi nyumba. Hapa anasubiri mtoto amalize kuvaa viatu, pale anasubiri mama alete chupa ya uji. Halafu gia ya kwanza na ya pili kwenye vilima vya Iringa, ambapo injini inazunguka sana na gari linatembea kidogo. Kilometa 10,000 za kazi hiyo si sawa na kilometa 10,000 za kutoka Iringa kwenda Dar es Salaam. Vitabu vingi vya magari vina ukurasa unaosema hivyo, vikitaka muda wa huduma upunguzwe kwa gari linalosimama sana au linalotembea kwenye vumbi. Ukurasa huo unatuhusu sisi karibu wote.

Jumamosi moja ya Septemba 2023, mita ikisoma kilometa 189,000, Hiace ilikodishwa kupeleka wanakwaya Morogoro. Iliondoka Iringa alfajiri. Walipofika Kitonga, mpwa alifanya alivyofundishwa: akaingiza gia ya pili kabla ya kuanza kuteremka ili injini isaidie kulishika gari, asitegemee breki peke yake. Malori ya mizigo yalikuwa yakipanda taratibu upande wa pili.

Katikati ya mteremko injini ilinyamaza. Kisha, kwa kuwa magurudumu bado yalikuwa yanaisukuma kupitia gia, ukasikika mgongano wa chuma chini ya siti, mara kadhaa, mfululizo. Kijana alikanyaga klachi kwa mshtuko. Mgongano ukaisha, lakini na injini iliyokuwa inamsaidia kuzuia gari ikawa imemwacha. Usukani ukawa mzito, kwa sababu pampu inayoulainisha inaendeshwa na injini. Breki nazo hupata msaada wake kutoka kwenye pampu ya upepo iliyo kwenye jenereta. Injini ikisimama, akiba iliyobaki inatosha kukanyaga mara moja au mbili, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu. Hapa ndipo kijana aliokoa watu. Hakukanyaga na kuachia. Alikanyaga mara moja, akashikilia, akavuta handibreki kidogo kidogo kwa mkono mwingine hadi gari likasimama pembeni. Wanakwaya wakashuka kuweka mawe kwenye magurudumu. Baadhi walikuwa wanalia.

Tunapozungumza habari ya mkanda tunazungumza fedha, na fedha ni jambo la kweli. Lakini gari lilikuwa na watu, kwenye mteremko ambao kila msafiri wa njia ile anaujua, na anayesema mkanda ni shauri la mfuko wake peke yake nafikiri hajawahi kusimama pale.

Mtu mmoja alimshauri kijana ajaribu kupiga stata. Akapiga, mara mbili. Injini ikazunguka upesi, nyepesi, bila ule uzito wa kubana hewa. Fundi akisikia mlio huo anajua kabla ya kufungua. Na kama injini imezima ghafla namna hiyo, ni vema kuacha ufunguo kabisa, kwa sababu kila mzunguko wa stata ni nafasi nyingine ya pistoni kugonga valvu iliyonusurika.

Brekidauni ililirudisha gari Iringa, safari hii kwa fundi mzee aliyezoea Hiace na Land Cruiser za dizeli. Alipofungua, mkanda ulikuwa haujakatika. Ulikuwa umevuliwa meno: kwenye puli ya chini, ile ndogo ya krankshafti, meno kadhaa yalinyolewa kuanzia mzizi, yakabaki kama unga mweusi ndani ya kifuniko. Mgongo wa mkanda ulikuwa laini, hauna ufa hata mmoja, kama yule fundi kijana alivyoona. Kati ya valvu 8, 6 zilikuwa zimepinda. Kamshafti ilikuwa vipande viwili. Pistoni zilikuwa na alama za kugongwa.

Mwalimu alikuja na daftari lake, maana aliweka kumbukumbu ya kila kitu. Akamwonyesha mzee hesabu.

"Sikiliza, Mzee. Mkanda umetembea elfu tisini na mia tano hamsini. Haujafika laki. Umefungwa Juni elfu mbili na ishirini. Nimekosea wapi?"

Mzee aliifuta ile karatasi kwa kitambaa, akaitazama.

"Mwalimu, gari hili liliingia nchini lini?"

"Elfu mbili na kumi na mbili. Kadi inasema hivyo."

"Sasa karatasi ya Kijapani ya elfu mbili na ishirini ilibandikwa Mafinga na nani?"

Mwalimu hakujibu. Alikaa kwenye gurudumu la akiba lililokuwa pale chini.

Ishirini ile haikuwa 2020. Wajapani wana kalenda yao ya enzi inayokwenda na mfalme, na kwenye karatasi nyingi za gereji huandika mwaka wa enzi. Enzi ya Heisei ilianza Januari 1989, kwa hiyo Heisei 1 ni 1989, na Heisei 20 ni 2008. Ilikoma Aprili 2019, ikafuata Reiwa, ambayo mwaka wake wa kwanza ni 2019. Mkanda wa Mwalimu ulifungwa Juni 2008. Siku alipoununua pamoja na gari ulikuwa unakaribia miaka 14, na Kitonga ulikuwa umepita 15. Kilometa hazikuwa tatizo. Mpira ulizeeka bandani Mafinga, kwenye gari lililosifiwa kwa kutotembea.

Kwa anayenunua gari lililotoka Japani, hesabu ni rahisi. Ukiona mwaka wenye tarakimu moja au mbili kwenye karatasi ya gereji, ongeza 1988 kama ni Heisei, ongeza 2018 kama ni Reiwa, halafu linganisha na mwaka gari lilipotengenezwa na lilipoingia nchini. Jibu lisiloweza kukaa katikati ya tarehe hizo ni jibu la enzi nyingine. Kadi ya gari aliyokuwa nayo Mwalimu mkononi ingetosha kumwambia.

Basi, uamuzi wa kubadilisha ukae juu ya nini? Juu ya saa mbili zinazokwenda kwa pamoja, kilometa na miaka, na itakayotimia kwanza ndiyo inayoamua. Kilometa zinatofautiana: injini za zamani nyingine zilitaka 60,000, Toyota nyingi na Subaru za EJ zinazungukia 100,000, nyingine 150,000. Kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho, si cha jirani. Kwa miaka, watengenezaji wengi huweka mpaka kati ya miaka 6 na 10. Mimi kwenye joto letu na vumbi letu nisingevuka 7, na gari la kubeba wanafunzi nisingesubiri kilometa zitimie. Ningetoa robo nzima kwa ajili ya ule muda wa kuunguruma getini.

Na ukinunua gari lisilo na kumbukumbu unayoweza kuithibitisha, mkanda wake uhesabu umekwisha siku hiyo hiyo. Iingize kwenye bei. Muuzaji mwenye haki hatakasirika ukimwambia: sina shaka na wewe, ila mkanda nabadilisha, kwa hiyo tupunguze kiasi hiki. Nimesikia wanaosema huo ni ubadhirifu, kutupa mkanda ambao labda bado mzima. Mwalimu angeubadilisha Aprili 2022 kwa mkanda, tensiona, sili na ufundi, angelipa shilingi laki mbili na nusu hivi. Hedi nyingine, valvu, kamshafti, gaskiti, pistoni, brekidauni na kuwarudishia wanakwaya nauli vilikaribia milioni nne, na gari lilikaa gereji mwezi mzima huku wazazi wakitafuta usafiri mwingine.

Kabla ya hayo yote, hakikisha unao mkanda. Wenye Vitz, IST, Probox na Fielder zenye 1NZ-FE huulizwa na wauza spea kama wamebadilisha mkanda wa taimingi, nao huhangaika bure: injini hizo zina mnyororo wa chuma unaokaa ndani ya oili, na unachodai ni oili safi ibadilishwe kwa wakati. Aina ya injini imeandikwa kwenye kibao kilichopigiliwa kwenye bodi ya gari. Ukiijua hiyo, fundi mwaminifu yeyote atakuambia ni mkanda au mnyororo, na kama ni mkanda, valvu na pistoni zinagongana au hazigongani. Pajero na L200 zenye 4D56 zina mikanda miwili, mkubwa wa taimingi na mdogo wa kusawazisha mtikisiko. Mdogo ukikatika unaweza kuingia kwenye njia ya mkubwa, kwa hiyo wanaobadilisha mmoja na kuacha mwingine wamelipa nusu ya kazi na kubaki na hatari nzima.

Kazi yenyewe mzee aliifanya mbele ya Mwalimu, naye akaandika. Kwanza alitafuta kinachovuja. Sili ya mbele ya krankshafti, sili ya kamshafti na ya pampu ya dizeli zikivuja zinaulowesha mkanda, na mpira uliolowa dizeli huvimba na kulainika, hata uwe umetoka dukani jana. Zote tatu zikabadilishwa. Tensiona nayo, kwa maana ina beringi iliyozunguka muda wote pamoja na mkanda. Beringi ikikwama, mkanda mpya unakatwa ndani ya muda mfupi. Kwenye injini ambazo mkanda wa taimingi unaendesha pampu ya maji, kama Subaru za EJ na 3S-FE, pampu hubadilishwa wakati huo huo, vinginevyo itakapoanza kuvuja utalipa ufundi wa kufungua mara ya pili.

Mkanda alioletewa kwanza aliukataa. Ulikuwa umekunjwa na kufungwa kwa mpira katikati, na nyuzi za kioo zikikunjwa kwa pembe kali hukatika ndani bila kuonekana nje. Wa pili ulikuwa kwenye boksi lake, umekaa kwa mviringo. Akaweka alama zote sawa, akafunga, kisha akazungusha krankshafti kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, akatazama kama alama zimerudi mahali pake. Hakugusa ufunguo kabla ya hapo. Alama ikiwa imepishana jino moja, spana itakuambia kwa upole. Stata haina upole huo. Mwisho akarudisha kifuniko na boliti zake zote. Magari mengi mtaani yana boliti mbili mahali pa sita, na kwenye uwazi huo ndimo vumbi na vijiwe vinamoingia.

Yule fundi kijana alikuja siku ya tatu. Alisimama mlangoni mwa gereji, akamsalimia Mwalimu shikamoo, akaomba aangalie. Mzee akampa mkanda ule wenye meno yaliyonyolewa, akamwambia aukunje atafute ufa. Kijana akaukunja huku na huku. Hakuona. Akauliza kama anaweza kuondoka nao, akautundike pale anapofanyia kazi. Akapewa.

Mwalimu alipoandika karatasi mpya hakuacha namba bila jina. Aliandika kwa herufi kubwa: mkanda, tensiona na sili, Oktoba 2023, kilometa 189,112, ubadilishwe tena kabla ya Oktoba 2030 au kilometa 264,000, kipi kitangulie. Nakala moja akaibandika kwenye kifuniko, nyingine akaiweka pamoja na kadi ya gari.

Nakala ya tatu aliipeleka kwenye kikao cha wazazi wa shule. Aliwaeleza yote, pamoja na ile ishirini, na mzazi mmoja akauliza kuhusu magari mengine matatu yanayobeba watoto wao, maana stika ya ukaguzi kwenye kioo inasema habari za breki, taa na tairi, haisemi lolote kuhusu kilicho nyuma ya kifuniko. Wenye magari wakaitwa. Wa kwanza lake lilikuwa la mnyororo. Wa pili alikuwa na risiti ya mkanda ya mwaka uliopita. Wa tatu, mwenye Hiace ya 3L, alijibu kwamba alilinunua hivyo lilivyo na halijawahi kumsumbua. Likapelekwa kwa mzee Ijumaa hiyo, na Jumatatu watoto waliokuwa wakibebwa nalo wakapanda gari la Mwalimu.